Sukari, Rozari na njia ya mto Lea: mwaka wa mama mmoja Tottenham

Muulize mama yeyote wa kwetu hapa London habari za afya, atakueleza kwanza za watoto. Mmoja ana kikohozi, mwingine meno yanabadilika, mkubwa hataki mboga. Atakueleza presha ya mama yake nyumbani na mgongo wa mumewe. Za kwake atazimaliza kwa maneno mawili: "Namshukuru Mungu."

Mimi naishi Tottenham, karibu na Bruce Grove, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Ni Mkatoliki, mzaliwa wa Kibosho mkoani Kilimanjaro, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Novemba 2024, baada ya kutimiza miaka 40, niliitwa kwenye uchunguzi wa afya ambao NHS huutoa bure hapa Uingereza kila baada ya miaka mitano, kwa watu wa miaka 40 hadi 74 ambao hawajagunduliwa kuwa na maradhi kama kisukari, moyo au figo. Walinipima presha, uzito na damu. Presha ilikuwa nzuri. Kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilisoma 44.

Ukifika 48, hicho ni kisukari. Kati ya 42 na 47 uko mlangoni: hujaumwa bado, ila hatari iko karibu. Nesi alinieleza kwa upole, na wakati anaeleza mimi nilikuwa namfikiria mama yangu. Ana mwaka wa kumi na mbili na sukari. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa kwa sababu ya kidonda kilichoanza na kiatu kilichobana.

Makala hii inahusu mwaka uliofuata. Siuzi dawa wala chai ya kukata tumbo. Kilichonisaidia ni kuyafunga malengo ya afya kwenye mambo ambayo familia yetu ilikuwa tayari inayashika: chakula cha jioni, sala, Ijumaa na Jumapili. Lengo linalosimama peke yake humshinda mama mwenye zamu na watoto watatu. Lililofungwa kwenye mazoea ya nyumba hupata wa kulikumbusha.

Kwa nini sisi zaidi

Watu wenye asili ya Afrika, Karibiani na Asia hupata kisukari cha aina ya pili mapema zaidi, na wakiwa na uzito mdogo, kuliko Wazungu. Ndiyo maana hapa Uingereza miongozo ya tiba imeweka mipaka tofauti ya uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI. Kwa Wazungu uzito uliozidi huanza 25 na unene 30. Kwetu huanza 23 na 27.5. Mimi nilikuwa na 26. Kwa macho ya kwetu nilikuwa mama aliyenawiri tu, wala si mnene.

Kama huna mizani, chukua uzi. Kata uzi wenye urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, ukunje mara mbili, kisha uzungushe kiunoni. Ukikutana bila kuvutwa, kiuno chako kiko chini ya nusu ya urefu wako, na hapo ndipo wataalamu wanapotaka kiwe. Wangu haukukutana.

Nesi aliniandikisha kwenye programu ya NHS ya kuzuia kisukari. Ni bure na huchukua miezi tisa. Mimi niliifuata kwa simu, jioni, nikiwa nimekaa jikoni.

Kutafsiri sahani

Mafunzo yalikuwa mazuri, lakini picha zote zilikuwa za viazi, mkate na tambi. Hakuna aliyetaja ugali. Kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Kanuni yenyewe ni nyepesi: nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo nyama, samaki au maharage. Katika nyumba yetu mpangilio ulikuwa umepinduka: ugali mlima, mboga pembeni kama mapambo.

Wiki ya kwanza baba watoto alitazama sahani yake, akanitazama mimi. Yeye ni dereva wa basi la usiku.

"Mama, ugali wa leo ni wa kuonja?"

"Ongeza mboga kwanza, Baba. Ukishamaliza, ugali upo."

Aliongeza mboga. Ugali uliobaki ukawa kiporo cha watoto.

Na mboga Tottenham hazikosekani. Kwenye maduka ya West Green Road utapata ndizi mbichi, mihogo, bamia na majani ya kila namna. Mchicha tuliokuwa tukiuchuma nyuma ya nyumba, Wajamaika huula sana na huuita callaloo. Uulizie kwa jina hilo, fresh au wa kopo. Majani yanayoitwa spring greens, ukiyakatakata membamba na kuyakaanga kidogo kwa kitunguu na nyanya, huwezi kuyatofautisha na sukuma wiki. Maharage makavu ni ya bei nafuu kuliko nyama, nami huchemsha sufuria kubwa kila Jumapili na kugawa kwenye vyombo vya friza.

Sikuacha chakula cha kwetu. Nilichopunguza ni vipimo: chai kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja, kisha hakuna, chapati kutoka kila wikendi hadi siku ya sherehe, soda zimebaki kwa wageni. Chai bila sukari ilinichukua wiki sita kuizoea. Tangawizi na mdalasini vilinisaidia.

Ijumaa na Kwaresima

Maaskofu wa Uingereza na Wales walirudisha wajibu wa kutokula nyama kila Ijumaa kuanzia tarehe 16 Septemba 2011. Wengi wetu tuliofika baadaye hatukuambiwa. Tulidhani ni wajibu wa Kwaresima tu. Nyumbani kwetu Ijumaa imekuwa siku ya maharage, dagaa au samaki. Hakuna anayeuliza tena tunakula nini, na mpishi aliyetoka kazini amechoka hana la kufikiria.

Kwaresima ina swali lake. Kila mwaka nasikia akina mama wakisema, "Kwaresima hii nitapunguza kilo tano." Nawaelewa, lakini mfungo haukuwekwa kwa ajili ya kiuno. Sheria ya Kanisa yenyewe ni ya kiasi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, mlo kamili mmoja na vyakula vidogo viwili. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo, na anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuruka mlo. Kinachookolewa kwenye mfungo kina mwenyewe, naye ni mwenye njaa. CAFOD, shirika la misaada la Kanisa Katoliki la Uingereza na Wales, huwa na Siku ya Mfungo wa Familia kila Kwaresima. Watoto wangu hutia pesa za juisi na biskuti kwenye kopo letu.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Jirani yangu Msomali na mimi tukajikuta tunaulizana ngazini, "Wewe umefungua na nini?" Alinipa tende tatu, nami nikampelekea maharage ya nazi. Tende tatu si haba kwa mtu mwenye namba kama yangu, kwa hiyo nilikula moja na watoto wakagawana zilizobaki.

Makumi matano kwa miguu

Mwongozo wa NHS kwa watu wazima ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kunatosha, kiasi cha pumzi kupanda lakini bado uweze kuongea.

Makumi matano ya Rozari hunichukua kama dakika ishirini. Zamani niliyasali usiku kitandani, na mara nyingi usingizi ulinikuta kwenye kumi la tatu. Sasa nayasali njiani. Nikitoka kumpeleka mdogo shuleni nashuka hadi Tottenham Hale, naingia njia ya kando ya mto Lea na kuelekea kaskazini hadi kwenye lango la maji la Stonebridge. Mkono mmoja mfukoni na tasbihi, hakuna anayenishangaa. Wapo wakimbiaji, wapo wenye mbwa, wapo wavuvi wasiosalimia mtu.

Siku ambazo sina zamu napita Ferry Lane hadi Walthamstow Wetlands, penye mabwawa kumi ya maji yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017. Hakuna kiingilio. Watoto huhesabu korongo, mimi nahesabu dakika.

Jumapili tunakwenda Misa kwa miguu, kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Sales pale High Road. Jirani yake ni uwanja wa Spurs, uliofunguliwa 2019 na kuchukua watu zaidi ya 62,000. Siku ya mechi basi halina maana. Miguu inawahi.

Jua na usingizi

Kwetu jua ni la bure. Hapa, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kutosha kuufanya mwili utengeneze vitamini D. Ushauri wa serikali ni kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Vidonge viko karibu na chumvi jikoni, na mtoto wa miaka tisa ndiye msimamizi.

Usingizi ulikuwa mgumu zaidi. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele yetu kwa saa tatu. Ndugu wakiamka saa kumi na moja alfajiri na kuanza kutuma salamu kwenye kundi la familia, kwangu ni saa nane usiku. Simu sasa inalala jikoni. Niliwaambia nyumbani: la dharura, pigeni namba ya baba watoto, yeye yuko macho kazini na atawajibu akiwa mapumziko.

"Mbona umekonda?"

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Kwetu kunenepa ni neema. Mtu akirudi kutoka ughaibuni amejaa mashavu, watu husema maisha yamemkubali. Na waliokua miaka ya tisini wanakumbuka: kabla dawa za kurefusha maisha hazijawafikia wengi, mtu akikonda kijijini kila mmoja alinong'ona jambo moja. Kwa hiyo picha zangu za Pasaka zilizua maswali. Mama alipiga mwenyewe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona shavu limekwisha? Huko hamli?"

"Tunakula Mama. Napunguza sukari."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka nisifike huko ulikofika wewe."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikidhani nimemuumiza. Kisha akasema, "Kile kiatu ulichonitumia, nakivaa kila siku. Na jioni dada yako ananikagua miguu."

Hatukuwahi kuzungumza wazi namna hiyo kuhusu ugonjwa wake. Tangu siku hiyo tunaambiana namba zetu kila Jumapili baada ya Misa, yeye za kipimo cha kidole, mimi za uzito.

Watoto nao

Tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali jijini London hupata chakula cha mchana bure, na hilo limetupunguzia wawili. Mkubwa ana miaka 14, yuko sekondari, na kati ya shule na nyumbani kuna maduka ya kuku wa kukaanga na chipsi yasiyohesabika. Kumkataza kusingefaa; huko ndiko wanakokutana na wenzake. Tulikubaliana siku moja kwa wiki, na siku nyingine akute chakula cha moto nyumbani saa kumi jioni. Ndipo yale maharage ya friza yanapofanya kazi. Sasa anakuja na rafiki zake wawili, nami nimeongeza sufuria.

Nilipo sasa

Novemba 2025 nilipimwa tena. Namba ilikuwa 42. Imeshuka, lakini bado niko kwenye kizingiti, na nitapimwa kila mwaka. Uzi unakaribia kukutana: umebaki upana wa vidole viwili.

Dada unayesoma hapa, kama una miaka 40 na zaidi na hujaitwa, piga simu kwa daktari wako wa familia uulizie uchunguzi huo. Kama hujafika 40 lakini mzazi wako ana sukari, usisubiri barua. Mweleze daktari historia ya familia na uombe ushauri kuhusu kupima damu. Mwanafunzi unayeishi kwa tambi za dakika tatu, nawe maneno haya yanakuhusu, kwa maana kwetu sisi hatari huanza kuhesabiwa tangu miaka 25. Na ukishapata namba yako, mpigie mama yako umuulize yake.