Vocha Iliyokufa Kabla ya Saa Yake

Aliyewahi kukaa Tunduma anajua kisa hiki: simu ikidaka mnara wa Nakonde, saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Zambia wanatumia saa yao na sisi ya kwetu, ingawa miji yenyewe imegusana. Kwa mtu anayekwenda sokoni ni jambo la kucheka. Kwa anayeuza intaneti kwa saa, ni ugomvi wa kila siku.

Kaka yangu anauza intaneti pale mpakani, akiwa wakala wa kampuni yenye leseni ya TCRA. Wateja wake wengi ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka. Vocha ya saa 24 ni buku moja. Nikiwa likizo nilimwandikia programu ya kusimamia vocha hizo. Wanachuo wenzangu wananiuliza inafanyaje kazi na kama inalipa. Nitaeleza, pamoja na pale nilipoharibu.

Watu hudhani kazi ngumu ni kuleta mtandao. Tunduma hilo lina nafuu, maana Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita hapo kuelekea Zambia. Kampuni inakuletea intaneti, wewe unaiingiza kwenye ruta, ruta inaisambaza kwa antena. Hadi hapo ni kazi ya fundi na ngazi. Kazi ngumu ni daftari.

Daftari hilo lina mambo matatu. La kwanza ni kutambua: huyu anayeingiza namba ya vocha ni mteja wetu kweli? La pili ni kuruhusu: apewe kasi gani, kwa muda gani? La tatu ni kuhesabu: ameingia lini, ametumia kiasi gani, ametoka lini? Duniani ruta na daftari huzungumza kwa utaratibu uitwao RADIUS, na ipo programu huria ya bure, FreeRADIUS, inayofanya kazi hiyo. Mimi niliichukua hiyo, kisha nikaandika ya kwangu juu yake: kutengeneza vocha, kulinganisha mauzo na malipo ya simu, na kumwonyesha kaka hesabu ya siku kwa Kiswahili. Nilifunga yote kwenye laptop kuukuu. Wiki mbili za kwanza nilijiona injinia.

Asubuhi moja akaja dereva, amekasirika. "Dogo, mmenikatia. Jana nilinunua saa nne na robo. Sasa hivi ni saa tatu na robo. Bado saa nzima!"

Kaka akamwonyesha saa ya ukutani: saa nne na robo. "Simu yako inasoma saa ya Zambia, braza. Huku kwetu muda wako umeisha." Watu waliokuwepo wakacheka. Dereva akasema hata jana simu ilikuwa inasoma hivyohivyo. Hakuna aliyemsikiliza, nami nikiwemo. Alinunua vocha nyingine, na mchana foleni ikasogea akavuka.

Usiku nilipofungua daftari nikanyamaza. Vocha yake ilianza kutumika saa tano na robo kwa saa ya Tunduma, yaani saa nne na robo kwa saa ya Zambia. Alikuwa sahihi. Na haikuwa yake peke yake: vocha 11 zilikuwa zimekufa ndani ya dakika chache, mara tu umeme uliporudi.

Kosa lilikuwa langu. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika zinasahau tarehe, na zikiwaka zinaanza na tarehe ya zamani mpaka ziulize saa sahihi kwenye intaneti. Programu yangu ilikuwa inasoma saa ya ruta. Ilipotoa muda wa kuanza kutoka kwenye "sasa" ya uongo, ikapata namba hasi. Nami nilikuwa nimeandika kwamba hesabu isipokuwa kati ya sifuri na saa 24, vocha imeisha. Kwa hiyo kila aliyewahi kuingia umeme ulipotoka kurudi aliunguza buku yake.

Marekebisho hayakuwa makubwa. Sasa saa inasomwa kwenye laptop, ambayo ina betri, na inatunzwa kwa saa ya dunia, UTC. Tanzania tunaongeza saa tatu, Zambia wanaongeza mbili, lakini daftari lenyewe halibadiliki. Hesabu ikitoka hasi, programu haiui vocha. Inasubiri na kumtumia kaka ujumbe. Na ukurasa wa mteja hauandiki tena "itaisha saa nne na robo". Unaandika "zimebaki saa 3 na dakika 20". Hiyo haina Tunduma wala Nakonde.

Wale kumi tuliwaongezea siku moja kila mmoja. Wengine walishangaa, maana hawakuwa wamelalamika. Walidhani ndivyo vocha zilivyo. Dereva hatukumpata. Namba aliyolipia haikupatikana tena.

Nasomea ualimu, na kwenye mazoezi ya kufundisha tunaambiwa mwanafunzi akibisha jibu, pitia kazi yake kwanza kabla ya kumwambia amekosea. Daftari lilikuwa mezani, na kulifungua kungechukua dakika moja. Lakini tulikuwa na maelezo rahisi ya mpakani, na maelezo hayo ni ya kweli siku nyingi, kwa hiyo hatukuangalia.

Basi ukitaka kuandika programu yako mwenyewe, andika. Inawezekana, na gharama ni ndogo. Ila siku ya kwanza kabisa, kabla hujauza vocha hata moja, chomoa waya wa umeme, urudishe, kisha uangalie programu yako inasema saa ngapi.