Programu "imekufa": namna tatu za mwisho na vitenzi vyake

Gari likiharibika, mashine ikikwama, hata programu ya kompyuta ikikoma ghafla, watu husema neno moja: imekufa. Katika maongezi neno hilo latosha. Lakini wanafunzi wetu, ambao husomeshwa kwa Kifaransa na kujadiliana kwa Kiswahili, hulichukua hadi maabara, na huko linaficha swali la kwanza la mtafiti: je, programu ilijifunga yenyewe, au ilikatizwa? Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi programu ya kusaka makosa inavyoripoti mwisho wa programu nyingine, na kupendekeza kitenzi kwa kila namna ya mwisho. Mfano wetu ni GDB, ambayo Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986, ikitumika katika mfumo wa Linux.

1. Kujifunga

Programu inayofikia mwisho wa kazi huuomba mfumo endeshi uifunge, nayo huacha namba kati ya 0 na 255. Kwa desturi 0 humaanisha kwamba mambo yamekwenda sawa. Hapo GDB huripoti kwamba programu imetoka kwa kawaida. Namba ikiwa nyingine, GDB huitaja. Namba hiyo si lazima iwe dalili ya ajali: grep, inayotafuta maneno katika matini, huacha 1 isipoliona neno lililotakiwa. Hilo ni jibu, si kifo. Msomaji azingatie pia kwamba GDB huiandika namba hiyo kwa msingi wa nane: programu iliyoacha 10 huripotiwa kwa 012. Anayetaka hesabu ya kawaida aulize thamani ya $_exitcode.

2. Kusimamishwa

Programu ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, mfumo huitumia ishara SIGSEGV, ambayo namba yake ni 11. GDB huinasa ishara hiyo kabla haijaifikia programu, huisimamisha programu, kisha hutangaza kwamba imepokea ishara. Wengi hulisoma tangazo hili kama habari ya msiba, wakafunga kila kitu. Kumbe programu ingali hai: thamani zilizomo zasomeka, na amri bt huonyesha ni kazi ipi iliyoita ipi hadi kufika kwenye kosa. Huu ndio wakati wa kuuliza maswali.

3. Kukatizwa

Tukiamuru programu iendelee, nayo haina utaratibu wake wa kuipokea ishara ile, mfumo huikatiza. Hapo GDB huitaja ishara iliyoikatiza na kuarifu kwamba programu haipo tena. Namba 11 huhifadhiwa katika $_exitsignal, na $_exitcode hubaki tupu. Hazijazwi zote mbili kwa mwisho mmoja. Ishara SIGKILL, yaani ya 9, haitoi hata nafasi ya kusimamishwa: programu hutoweka papo hapo.

Nje ya GDB tofauti hii hufifia. Bash huongeza 128 juu ya namba ya ishara, hivyo SIGSEGV huonekana kama 139. Lakini programu yaweza pia kujifunga yenyewe kwa 139. Namba moja, miisho miwili: ni kasoro ile ile ya neno "imekufa".

4. Hitimisho

Sarufi yetu inayo njia ya kutenganisha mambo haya. Kiambishi -ji- katika "imejifunga" huonyesha kwamba mtendaji ni programu yenyewe. Kiambishi -w- katika "imesimamishwa" na "imekatizwa" huonyesha kwamba yupo mtendaji mwingine, naye hutajwa kwa "na": imekatizwa na ishara ya 11. Tunashauri "imekatika" iepukwe, kwani kauli ya kutendeka humnyamazia mtendaji, na msaka makosa hatajua aanzie wapi.

Mwanafunzi anayeandika "imekufa" humwachia msaidizi wake kazi ya kubahatisha. Anayeandika "imesimamishwa na ishara ya 11" amekwisha kumwonyesha mahali pa kutazama. Basi tusiseme kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi kabla hatujatumia vitenzi tulivyo navyo.