Fataki ya Ukingoni na Darubini ya Kulengea

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa kwetu ili yasahihishwe kimo kijitabu cha maelekezo juu ya kuchagua bunduki ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 pamoja na darubini yake. Mfasiri, ambaye ni mtumishi wa serikali huko Temeke, aliandika katika ukurasa wa kwanza kwamba bunduki hiyo ni ya "moto wa ukingo". Kila neno ni sahihi likisimama peke yake. Ila tulipomsomea fundi mmoja wa Mbagala, aliuliza kama bunduki hiyo huungua pembeni.

Swali lake ni la haki. Kinachotajwa hapa si moto bali ni mahali ilipo fataki. Risasi kamili ina ganda, baruti, fataki ya kuiwasha baruti hiyo, na kichwa kinachoruka. Katika bunduki kubwa, fataki ni kidude kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ndogo tunayoizungumzia, dawa ya fataki imepakwa ndani ya pindo la ukingo wa ganda, na pini ya kufyatulia hugonga ukingo huo na kuuponda. Mfaransa Flobert alitengeneza risasi ya namna hii mwaka 1845. Ile inayotumika zaidi leo ilianza Marekani mwaka 1887. Kwa hiyo tunapendekeza "risasi ya fataki ya ukingoni", na mwenzake "risasi ya fataki ya katikati". Neno fataki halina haja ya kubuniwa: wenye magobore walilijua zamani, ingawa vijana wa Kinondoni huenda wanalijua zaidi kwa milio ya mkesha wa Mwaka Mpya.

Jina hilo likieleweka, mnunuzi anaelewa pia tabia ya kitu. Ukingo lazima uwe mwembamba ili upondeke, kwa hiyo ganda haliwezi kustahimili nguvu kubwa ya baruti. Ndiyo sababu bunduki hii haina mshindo mkubwa wala haisukumi bega sana, na ndiyo sababu ganda lake halijazwi tena.

Kipenyo ndipo tulipoona hatari yenyewe. Mfasiri alibadili inchi kuwa milimita, akaandika "bunduki ya milimita 5.6", akaishia hapo. Bunduki nyingi za kijeshi hutumia risasi ya milimita 5.56. Vipenyo vya vichwa vyake vinakaribiana mno, lakini ganda la ile ndogo lina urefu wa milimita 15 na ushei, na la kijeshi milimita 45. Karani anayejaza fomu ya leseni kwa kipenyo peke yake anaweza kumwandikia mwananchi silaha ya vita. Tafsiri na itaje kipenyo, jina kamili la risasi, na aina ya fataki. Hata ndani ya jamii hiyo ndogo, ile iitwayo Magnum, ya mwaka 1959, haikusudiwi kutumiwa katika bunduki ya risasi ya kawaida.

Neno "risasi" nalo linabeba mzigo mwingi: ni madini, ni kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inapotajwa kwa Kiswahili kuwa ni ya silaha na risasi, maana ni hiyo ya mwisho. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno lililozoeleka. Penye utata, tuandike "kichwa cha risasi" au "ganda la risasi". (Baada ya milipuko ya ghala la jeshi Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, kila kilichoruka kiliitwa bomu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza.)

Tunakataa kabisa "bunduki ya kuchezea", iliyoonekana mara mbili katika rasimu. Kichwa hicho kidogo kinaweza kuruka kiasi cha kilomita moja na nusu. Mtu apimie umbali huo kutoka nyumbani kwake Tandale au Mbagala, ahesabu mapaa.

Kuhusu darubini, "darubini ya kulengea" inatosha, kama "hadubini" ilivyokwisha kutengana na darubini kwa ajili ya vitu vidogo. Maandishi "4x32" yasomwe: ukuzaji mara nne, lenzi ya mbele milimita 32. Kwa shabaha ya mita 50, ukuzaji huo hutosha. Mkubwa zaidi hukuza pia mtetemo wa mkono.

Neno lililotusumbua ni "paralaksi". Jicho likisogea nyuma ya lenzi, alama ya msalaba nayo huonekana kusogea juu ya shabaha, ijapokuwa bunduki imetulia. Darubini za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani ili kasoro hiyo iondoke kwenye mita 100 au zaidi. Za bunduki ndogo, kwenye mita 50 hivi. Mfasiri alikuwa ameiruka sentensi hiyo, ilhali ndiyo inayomzuia mnunuzi asichukue darubini isiyomfaa. Tulijaribu "mhamo wa shabaha", tukaliacha, kwani shabaha haihami. Kwa sasa tunaandika paralaksi, na maelezo yake hapo hapo. Mwenye neno bora atuletee.