Msumeno wa zamani: usome kabla hujausugua

Fundi seremala mzee akifariki, vifaa vyake huishia kwenye kona ya stoo. Humo unaweza kukuta msumeno wa mkono wa Uingereza, kwa kuwa mingi iliuzwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Una kutu, na wa kwanza kuuona husaka brashi ya waya. Subiri kwanza. Umri wa msumeno huo na mahali ulikotengenezwa vimeandikwa kwenye chuma chenyewe.

Neno la kutafuta ni Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Karibu na hapo, miaka ya 1740, fundi saa Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa. Alipata chuma safi, chenye ugumu ulio sawa kote. Misumeno mingi ya karne ya 19 iligongwa CAST STEEL kutangaza chuma hicho. Usidhani ni kile chuma cha kumimina kinachovunjika ukikiangusha.

Maneno mengine hupoteza watu. GERMAN STEEL husomeka kama chuma cha Ujerumani, lakini misumeno mingi yenye maneno hayo ilitoka Sheffield hiyo hiyo. Lilikuwa jina la daraja la chuma tu. Nayo WARRANTED SUPERIOR, kwenye kifungo cha shaba mpinini, si jina la kiwanda. Ni majigambo ya biashara tu, na viwanda vingi viliyatumia. Jina la kiwanda, mfano Spear & Jackson, litafute kwenye bapa. Kwa msumeno mdogo wenye mgongo, liangalie kwenye ule ukanda wa shaba au chuma wa juu.

Je, kutu imefunika kila kitu? Paka mafuta, zungushia msasa laini kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usugue taratibu. Maandishi yaliyochorwa kwa asidi hayana kina, na yakifutika hayarudi.

Geukia mpini. Skrubu za shaba za kale zimelala sawa na uso wa mbao, na nati zake zina mikato miwili, mmoja kila upande wa tundu. Zenye vichwa vilivyotuna kwa kawaida ni za baadaye. Usizilazimishe kwa bisibisi ya kawaida. Shaba ni laini, utaziharibu. Tundu la mpini nalo likionekana dogo, si kosa: huingia vidole vitatu, kidole cha shahada hunyooshwa kando kuongoza msumeno.

Wakusanyaji hutaka bapa lililonyooka, mpini wa asili na maandishi yanayosomeka. Kwa fundi anayefanya kazi kuna faida nyingine: meno ya misumeno hii hunolewa kwa tupa, tofauti na mingi ya siku hizi ambayo meno yake yamekazwa kiwandani, yakiisha unatupa. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima kilo tu, kwa hiyo piga picha maandishi kwa simu na uyasome kabla hajafika na mizani yake.