Likizo ya Meli Huharibikia Nchi Kavu

Mkazi wa Chitete, wilayani Momba, anayetamani kulala melini yuko karibu na maji kuliko anavyodhani. Wilaya hiyo haina bandari ya meli, lakini Mkoa wa Songwe, ambamo wilaya imo, umekaa katikati ya maziwa makubwa mawili. Ukifika Tunduma, ukashika njia ya Mbeya na Tukuyu hadi Kyela, unatokea Ziwa Nyasa kwenye bandari za Itungi na Kiwira. Ukishika njia ya Sumbawanga na Matai, unatokea Kasanga, bandari ya Tanzania iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ukiwa na hati za kusafiria unaweza pia kuvukia Nakonde, ukapita Kasama na Mbala hadi Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye ziwa hilohilo.

Kwa muda ambao nimewasaidia watu kupanga safari za majini, nimeona likizo nyingi zikiharibika, na karibu zote ziliharibikia nchi kavu, kabla honi haijapigwa. Mmoja alichagua mwezi mbaya. Mwingine alikosa karatasi moja. Mwingine alitoka nyumbani asubuhi ya siku ambayo meli inaondoka. Makala hii inahusu maandalizi hayo, kwa anayepanga kuzunguka ziwa siku mbili na kwa anayeweka akiba ya kupanda meli kubwa za kitalii za kimataifa.

Meli za maziwani na hizo za kimataifa zina undugu kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1913 karakana ya familia ya Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ilijenga meli ya chuma, ikaifungua vipande na kuvipakia kwenye makasha yapatayo 5,000. Vipande vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, vikapandishwa treni hadi Kigoma, na mwaka 1915 meli ikaingizwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Karakana hiyohiyo ya Papenburg ndiyo iliyojenga Norwegian Dawn, meli ya kitalii iliyokamilika mwaka 2002 na kutia nanga Dar es Salaam Januari 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Liemba ilipangiwa abiria wapatao 600 na shehena ya tani 200. Norwegian Dawn ni hoteli ya ghorofa nyingi inayoelea. Lakini yanayomkwamisha abiria wa moja ndiyo yanayomkwamisha abiria wa nyingine.

Saa ya meli

Basi la Tunduma humsubiri abiria aliyeshuka kununua maji. Meli ya kitalii haisubiri. Machi 2024 Norwegian Dawn ilitia nanga São Tomé, kisiwa cha Ghuba ya Guinea. Abiria wanane walishuka kutembea na wakala wa nje badala ya matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, wakachelewa kurudi. Meli ilikuwa bado inaonekana pale nje, na walinzi wa pwani walijaribu kuwafikisha, lakini hawakupokewa. Ilibidi waikimbize kupitia nchi kadhaa hadi walipoipata Senegal. Somo lake ni la vitendo: ukitembea kwa matembezi ya meli yenyewe na gari likachelewa, meli hukusubiri; ukitembea kivyako, kuchelewa ni kwako peke yako. Anayependa kujipangia mwenyewe arudi bandarini angalau saa mbili kabla ya muda wa mwisho, na atembee na nakala ya pasipoti, simu yenye chaji na fedha za dharura.

Kwa msafiri wa Momba, kanuni hiyo inaanzia nyumbani. Barabara ya vumbi ikinyeshewa, safari ya saa chache inaweza kumaliza siku. Fika mji wa bandari siku moja kabla na ulale hapo. Gharama ya gesti Kyela au Kasanga ni ndogo kuliko tiketi iliyopotea. Upande wa kurudi, acha nafasi pia: meli za maziwani huchelewa kwa sababu ya shehena na hali ya hewa, kwa hiyo usipange kushuka Jumapili usiku ilhali Jumatatu asubuhi unatakiwa ofisini.

Usipange kwa ratiba ya kusikia. Liemba imewahi kukaa matengenezoni kwa muda mrefu huku watu wakiendelea kuelekezana siku zake za zamani. Piga simu bandari husika wiki moja kabla, kisha piga tena siku mbili kabla ya kuondoka Chitete.

Pesa ya mavuno na upepo

Hapa pana mtego wa watu wetu hasa. Mkulima wa mahindi au ufuta hupata fedha na nafasi kuanzia Juni hadi Agosti, na shule nazo hufunga Juni. Miezi hiyo ndiyo ambayo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu maziwani. Ziwa Nyasa, ambako upepo huo huitwa mwera, lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na ni jembamba, limelala kaskazini hadi kusini. Upepo unaotoka kusini hupata njia ndefu ya kusukuma maji bila kizuizi, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo wimbi linavyokua. Wimbi lililoanza mbali kusini humalizikia kwetu, Kyela na Matema.

Ukiweza, tunza fedha hadi Septemba au Oktoba. Upepo hupungua, mvua bado hazijaanza, na barabara ni kavu. Anayeelekea bahari ya Hindi ajue kwamba kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi Novemba hadi Machi. Katika msimu wa kaskazi ndipo meli nyingi za kitalii hupita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Mahali pa kulala

Kwa mara ya kwanza, anza na usiku mmoja. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilijengwa kwa safari za Kyela hadi Mbamba Bay, ikipita chini ya milima ya Livingstone. Anayefika Mwanza anaweza kupanda MV Victoria, iliyokarabatiwa mwaka 2020 na kubeba hadi abiria 1,200, akalala na kuamkia Bukoba.

Usiangalie daraja la tiketi tu. Uliza chumba kiko wapi. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye ncha zake, na huyumba zaidi juu kuliko chini. Chumba cha katikati, ghorofa za chini, ndicho kinachotikisika kidogo, na mara nyingi ni nafuu kuliko vyumba vya juu vyenye baraza. Epuka kilicho jirani na injini, jiko au ukumbi wa muziki. Katika meli za maziwani beba shuka, tochi, karatasi ya chooni, maji ya kutosha na kufuli dogo.

Jiandae pia kuamshwa. Katika safari za Liemba inapokuwa kazini, vijiji vingi havina gati. Honi hulia usiku wa manane, taa huwashwa, na mitumbwi na maboti hutoka gizani na kubana ubavu wa meli yakigombania nafasi. Mlango wa ubavuni hufunguliwa. Magunia ya dagaa hupitishwa mkono kwa mkono, mama hutanguliza mtoto kisha naye huvutwa ndani, na wanaoshuka husubiri boti inyanyuliwe na wimbi ndipo wakanyage. Nenda sitahani ukaangalie, kwa sababu hakuna brosha inayouza jambo hilo. Kama kijiji hicho ndicho chako, funga mzigo wako kwenye begi moja la mgongoni, mikono yote miwili ibaki huru.

Tumbo na dawa

Kulevywa na mawimbi si udhaifu. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Ukikaa chumbani, sikio linauambia ubongo kwamba unayumba, huku macho yakiona kuta zimetulia. Mgongano huo wa taarifa huleta kichefuchefu. Toka nje, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na acha kusoma simu. Kula kidogo kabla ya kupanda, chakula kisicho na mafuta mengi, na uache pombe. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa za kuzuia kutapika hufanya kazi vizuri zikimezwa kabla ya safari kuanza, na nyingi huleta usingizi; mjamzito, mzee na anayetumia dawa nyingine amuulize mfamasia kwanza. Dawa za kila siku, kama za presha au kisukari, ziwe kwenye begi la mkononi na zizidi siku za safari.

Mahali wanapokula wengi kwa vijiko vilevile, magonjwa ya kuhara na kutapika huenea upesi. Nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula; dawa ya kupaka mikononi haitoshi kuua kila kirusi cha tumbo.

Karatasi na bei halisi

Kuvuka kwenda Zambia au Malawi, uwe na pasipoti au hati ya dharura inayotolewa na Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa meli za kimataifa, pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi baada ya safari, na viza ihesabiwe bandari kwa bandari. Meli inayotoka Barcelona, ikapita Morocco na kurudi Hispania, inamtaka Mtanzania awe na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja.

Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake anaweza kulipa karibu mara mbili. Ongeza tozo ya huduma ya kila siku, vinywaji, intaneti, matembezi na nauli ya ndege hadi bandari ya kuanzia. Bima ya safari igharimie pia kumtoa mgonjwa melini, kwa kuwa hapo ndipo gharama huwa kubwa mno.

Uamuzi wa gatini

MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996, ilikuwa na kibali cha abiria 430 na ilibeba zaidi. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 na MV Nyerere Septemba 2018, nazo zikiwa zimejaza kupita kiasi. Watu na mizigo ikirundikwa juu, kitovu cha uzito wa meli hupanda, na watu wakihamia upande mmoja meli hushindwa kujirudisha. Tiketi yako iandikwe jina lako kamili, maana orodha ya abiria ndiyo watakayoitegemea waokoaji. Ukishapanda, kabla ya kutafuta kitanda, tafuta jaketi okozi na njia mbili za kutokea.

Na ukifika gatini ukaona watu wamesimama mpaka ngazini, usipande. Fedha ya tiketi hutafutwa tena msimu ujao. Panga safari yako ukiwa na siku ya akiba na nauli ya akiba mfukoni, ili siku hiyo uwe na uwezo wa kusema hapana.