Kiatu cha mwanariadha: Jinsi ya kukichagua na kukitunza katika ardhi ya Kitui na Makueni

MWAKA 1992, katika jiji la Newcastle nchini Uingereza, Benson Masya, mzawa wa Kitui aliyeanza michezo katika ulingo wa ndondi kabla ya kugeukia riadha, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mashindano hayo yalipoandaliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston Marathoni, akashinda tena 1994 na 1995. Mnamo 2011 Patrick Makau, naye wa Ukambani, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:03:38 jijini Berlin.

Anayedhani kwamba mbio ndefu ni mali ya Bonde la Ufa pekee basi hajaisoma historia vyema. Hata hivyo, mzazi wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi ambaye ameambiwa na mwalimu kwamba mwanawe ana miguu mepesi hukabiliwa na swali dogo mno kabla ya kuwaza habari za medali: amnunulie kiatu gani, na kitadumu kwa muda gani?

Swali hilo ni dogo kwa sura tu. Mwandishi wa makala haya angali anamkumbuka mvulana mmoja aliyesoma naye, ambaye siku ya mashindano ya wilaya alivalishwa raba za kakake mkubwa, ncha zikajazwa magazeti ili zimtoshe. Katika mbio za mita 5,000 aliongoza kwa mizunguko minane. Katika mzunguko wa tisa alianza kuchechemea, na wa kumi hakuumaliza. Malengelenge yalipasuka yakawa kidonda, kidonda kikaingia usaha, na msimu ukaisha. Sikumwona tena uwanjani.

Kiatu bora si lazima kiwe chenye jina kubwa wala bei ya juu. Ni kile kinachokubaliana na mguu wa mvaaji na ardhi anayoikanyaga, kisha kikapata mtu wa kukitunza.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki jijini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, kwa kuwa viatu alivyopata havikumkaa vyema. Miaka minne baadaye, jijini Tokyo, alishinda tena, safari hiyo akiwa na viatu miguuni. Funzo lake si kwamba viatu havina maana, bali kwamba kiatu kisichomkaa mtu humdhuru kuliko kukosa kiatu.

Ni kweli kuwa watoto wengi wa Ukambani hujifunza kukimbia pekupeku, na mtindo huo una faida zake. Utafiti ulioongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha wakimbiaji wa Kenya, ulionyesha kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo kupunguza kishindo. Aliyezoea viatu vyenye kisigino kinene hutua kwa kisigino.

Lakini nyanda za Kitui na Makueni zina miiba ya migunga, mbigili, mawe makali na mchanga unaochoma adhuhuri. Tundu la mwiba linaweza kuwa mlango wa pepopunda, nao funza hupenda udongo mkavu wenye vumbi. Kwa hivyo mtoto avae viatu, ila asivihamie kwa siku moja. Aanze na mwendo mfupi, auongeze wiki baada ya wiki hadi misuli izoee.

Ardhi kwanza

Kabla ya kwenda sokoni, mnunuzi ajiulize kiatu kitakimbia wapi. Milima ya Mbooni na Kilungu ina miteremko mikali na udongo mwekundu unaoteleza mvua inaponyesha. Huko panahitajika soli yenye meno yanayouma ardhi. Upande wa Kibwezi, karibu na vilima vya Chyulu, mawe ya volkeno hukwaruza soli laini hadi ikaisha mapema. Sehemu kubwa ya Kitui ni changarawe na mchanga, na kitambaa cha juu chenye matundu mapana hugeuka chujio la kuingiza mchanga.

Kwa mazingira haya, kiatu cha mazoezi kinafaa kuwa na mpira mgumu chini ya soli yote, meno ya wastani na kitambaa kilichofumwa kwa karibu. Njumu za kandanda hazifai kwa mbio za barabarani: meno yake husukuma wayo kwa nukta chache na kuumiza nyonga na magoti. Njumu za mbio nazo ziachiwe uwanja na siku ya mashindano.

Je, vile viatu vya soli nene vinavyovaliwa na mabingwa? Tangu Eliud Kipchoge akimbie kilomita 42 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, vijana wengi wanavitamani. Vina sponji nyepesi inayorudisha nguvu na bamba gumu ndani yake, na mwaka 2020 Shirikisho la Riadha Duniani liliweka kanuni kwamba soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40 wala kuwa na bamba zaidi ya moja. Viliundwa kwa lami na kasi. Kumvalisha mwanafunzi viatu hivyo katika njia ya changarawe ni sawa na kulimia shamba la mawe kwa kisu cha mezani.

Mguu kabla ya rangi

Wengi wetu hununua mitumba, iwe Kalundu mjini Kitui, Wote au Gikomba jijini Nairobi. Hakuna aibu katika hilo. Raba ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini huishinda mpya iliyo ghushi. Lakini mnunuzi akumbuke kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Muuzaji amekwisha kuiosha, kuipaka rangi nyeupe na kuijaza karatasi ili isimame wima. Rangi isikupumbaze.

Mzazi anayemnunulia mtoto aliyebaki kijijini hubeba kijiti alichokikata kwa urefu wa wayo. Kijiti husema urefu, hakisemi upana. Ni bora mtoto asimame juu ya karatasi jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, achorwe miguu yote miwili, kisha karatasi ikatwe kwa kufuata mchoro. Sokoni, toa soli ya ndani ya kiatu na uilinganishe na karatasi hiyo. Mguu mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwingine, chagua kwa kipimo cha ule mkubwa.

Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande na kushuka mtoto anapotembea. Kununua nambari mbili zaidi "ili akue nayo" ndiko kulikomwangusha yule mvulana wa mzunguko wa tisa.

Nambari zenyewe huchanganya. Nambari 8 ya Uingereza ni takriban 42 ya Ulaya, na karibu 9 ya Marekani kwa wanaume. Tazama kibandiko kilichoko kwenye ulimi wa kiatu. Aghalabu kina pia kipimo cha sentimita, na hicho ndicho rahisi zaidi kukilinganisha na urefu wa wayo. Soma vibandiko vya viatu vyote viwili, maana si ajabu katika rundo la mitumba kuoanishwa kulia kwa 41 na kushoto kwa 42.

Kisha kifanyie kiatu majaribio manne. Kwanza, kiweke mezani na ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekwisha kukipinda, nacho kitakupinda nawe. Pili, bonyeza sponji ya ubavuni kwa kidole gumba: inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi isiyonyooka, imechoka. Tatu, kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Nne, vuta taratibu ukingo wa soli. Gundi na sponji huzeeka hata kiatu kikiwa kabatini, na ndiyo sababu raba inayoonekana mpya kabisa inaweza kubanduka soli wiki ya kwanza.

Maji machache, kivuli kingi

Wahenga walinena, kitunze kikutunze. Utunzaji huanza wakati wa kuvua: fungua kamba, usikanyage kisigino cha kiatu kwa mguu wa pili. Sehemu ile ya nyuma ikishavunjika, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kila baada ya mazoezi, gonganisha viatu na ukung'ute mchanga wote. Punje zinazobaki ndani hufanya kazi ya msasa. Hula kitambaa, kisha hula ngozi. Pitisha macho kwenye soli na uchomoe miiba kwa koleo dogo. Mwiba uliokatikia ndani ya sponji leo huenda ukafika mguuni kesho.

Kuosha hakuhitaji mtungi mzima, na katika maeneo ambako maji hubebwa kwa punda hilo si jambo dogo. Acha tope likauke, lipanguse kwa brashi kavu, kisha tumia kitambaa kilicholowa na sabuni kidogo. Inapobidi kuosha kikamilifu, toa kamba na soli ya ndani, tumia maji baridi na sabuni ya kawaida. Usiloweke usiku kucha, usitie dawa ya kung'arisha nguo, wala usitumbukize kiatu katika mashine ya kufulia.

Kosa kubwa zaidi hufanywa wakati wa kukausha. Viatu huanikwa juu ya mabati au kuwekwa kando ya jiko. Joto hilo hulegeza gundi, hukausha sponji na kukipinda kiatu, hata kikanyauka kabla ya siku zake. Kianikwe kivulini penye upepo, kikiwa kimejazwa karatasi za kunyonya unyevu. Gazeti la jana, ambalo sisi tuliolihariri tungependa lihifadhiwe, hapa lina kazi yake ya heshima. Lakini litolewe kabla ya kukimbia.

Mwenye jozi mbili azipishanishe, kwani sponji huhitaji muda wa kufutuka baada ya kukanyagwa, na kiatu kilicholowa jasho huhitaji kukauka. Katika msimu wa mvua wa Oktoba hadi Desemba, ambao ndio mkulima wa Ukambani huutegemea zaidi, utaratibu huo huokoa viatu na huzuia kuvu ya miguuni.

Mshona viatu naye ni mshirika. Anaweza kushona kitambaa kilichoraruka, kubadilisha kamba na kubandika upya ukingo wa soli. Ila mwambie asipigilie misumari, na asipitishe uzi mnene pale wayo unapolalia. Kiatu kilichoongezwa kipande cha gurudumu la gari kitafaa kwendea sokoni, si kukimbilia. Kimekuwa kizito na kigumu, kimekuwa akala yenye kitambaa.

Muda wa kuaga

Viatu vingi vya mbio huhudumu kwa kati ya kilomita 500 na 800. Chukua mfano wa mwanafunzi anayekimbia kilomita nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni kilomita 40. Jozi mpya itamfaa kwa wiki 12 hadi 20; ya mtumba, ambayo imekwisha kukimbia kwingine, itamfaa kwa muda mfupi zaidi. Ni vyema tarehe ya kununua iandikwe ndani ya ulimi wa kiatu kwa kalamu.

Dalili nazo husema. Meno ya soli yakilainika hadi sponji ionekane, kiatu kikiegemea, au mtoto akianza kulalamikia muundi au goti ilhali mazoezi hayajaongezwa, kiatu hicho kipewe kazi ya kutembelea. Maumivu yakiendelea baada ya kubadilisha viatu, apelekwe zahanati badala ya kulazimishwa kuvumilia.

Fedha za jozi moja katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni hutoka mahali pamoja na karo na unga, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kusita. Lakini karatasi ya kuchora mguu, kidole gumba cha kubonyeza sponji na kivuli cha mti havigharimu chochote. Mtoto mwenye miguu mepesi akifika mzunguko wa kumi bila kuchechemea, hapo ndipo tutakapojua uwezo wake ni upi.