Je, Wajua? Mafua Yalivyofika Mwisho wa Reli

Je, wajua kwamba mwendo wa polepole uliwahi kuwa kinga ya Ujiji? Msafara wa biashara kutoka Bagamoyo ulitembea miezi mitatu au zaidi kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Wapelelezi Burton na Speke, waliokuwa na maradhi mengi na haraka kidogo, waliondoka pwani katikati ya 1857 wakafika Februari 1858. Sasa piga hesabu. Kirusi cha influenza hukaa mwilini siku moja hadi nne, mara nyingi mbili, kabla ya kumlaza mtu. Baada ya wiki moja hivi mgonjwa amepona au amezikwa. Ili kifike ziwani kwa miguu, kilihitaji vifua vipya njia nzima, kuanzia Bagamoyo hadi Uvinza, bila kukosa hata kituo kimoja.

Ndui haikuwa na shida hiyo. Hujificha mwilini karibu wiki mbili, kisha mgonjwa huambukiza kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo iliizoea njia ya Ujiji kama mpagazi mzoefu. Mpelelezi Stanley aliporudi hapo mwaka 1876, baada ya kulizunguka ziwa kwa mashua, aliikuta ndui inaua mjini na watu wake wanatoroka. Akaharakisha kuvuka kwenda Kongo.

Kinga hiyo ya mwendo ilivunjwa na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na safari ya miezi ikawa ya siku. Abiria aliyepanda Dar akiwa mzima aliweza kuanza kukohoa Tabora na kushuka Kigoma akitetemeka, kirusi kikiwa bado kina nguvu zote. Wenyewe Kigoma wanauita mji wao Mwisho wa Reli, na wana haki. Ila kwa ugonjwa hapo ni njia panda: kutoka stesheni hadi gatini ni mwendo mfupi, na ukishapanda chombo una Kongo magharibi, Burundi kaskazini, Zambia kusini.

Je, wajua kwamba mpelelezi Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa kifua? Mwanzoni mwa 1869, akiwa upande wa magharibi wa ziwa, alishikwa na nimonia, akakohoa damu. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Muhammad bin Gharib, ndiye aliyemtibu kwa dawa alizokuwa nazo na kuamuru abebwe. Alivushwa ziwa kwa mtumbwi na kushuka Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Watalii wanaopelekwa kuona mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871 wanasikia sana habari za salamu ya Stanley. Habari za kifua kile, na za aliyemwokoa miaka miwili kabla, hawazisikii.

Je, wajua kwamba Homa ya Kihispania, yaani influenza ya 1918, haikuanzia Hispania? Mwaka 1918 nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti yao yasiandike habari za askari kuugua. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika, na hata Mfalme Alfonso wa 13 alipougua dunia ikajua. Msema kweli akabandikwa jina la ugonjwa. Inakadiriwa kwamba theluthi moja ya watu duniani waliambukizwa, na watu wapatao milioni 50 wakafa.

Afrika Mashariki ugonjwa uliingia kwa meli. Mombasa iliupokea Septemba 1918, ukapanda treni kuelekea bara. Kwa Tanganyika, wanahistoria hutaja makadirio ya vifo 50,000 hadi 80,000, na hayo ni makadirio ya serikali ambayo haikuwa na daftari la vifo la kuaminika. Uliwakuta watu katika hali mbaya mno. Miaka minne ya vita ilikuwa imechukua wanaume kuwa wapagazi, imechukua ng'ombe, imechukua nafaka. Ugogo kulikuwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Mtu mwenye njaa akishikwa na homa hana cha kupigania.

Na Kigoma? Wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, walioiteka Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isije ikachukuliwa. (Waingereza waliiibua 1924, wakaitengeneza, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.) Mji wa reli, bandari, askari wa kutoka Kongo na wapagazi wa kutoka kila upande: kama kirusi kingepewa nafasi ya kuchagua makazi, kisingetafuta zaidi.

Je, wajua kwamba mabaki ya jeshi la mwisho la Wajerumani Afrika yalipita Kigoma yakiwa na homa hiyo? Jenerali Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155, askari weusi zaidi ya 1,100, na wapagazi, wanawake na watoto wengi zaidi ya hao. Homa ilikuwa tayari imo katika msafara wake. Wakapakiwa vyomboni Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, wakapandishwa ziwa hadi Kigoma, wakatiwa kwenye treni. Wajerumani walipelekwa Dar es Salaam, na baadhi yao waliokuwa wameponea risasi kwa miaka minne wakafia huko kwa influenza. Askari na wapagazi waliwekwa kambini Tabora, na humo pia homa ikaua. Wa kwanza wana makaburi yenye majina. Hao wengine, pamoja na wake zao, hesabu yao haikupewa uzito wowote.

Tuharakishe kidogo.

Mafua ya 1918 yaliua zaidi watu wa miaka 20 hadi 40. Kwa kawaida influenza huchukua wazee na watoto wachanga. Ile ilichukua wenye nguvu.

Wengi hawakuuawa na kirusi peke yake. Kirusi kilichubua njia ya hewa, bakteria wakaingia mapafuni, nimonia ikamaliza kazi. Dawa za kuua bakteria hao hazikuwepo.

Wala hakuna daktari wa 1918 aliyejua anapigana na nini. Kirusi cha influenza ya binadamu kilipatikana mwaka 1933, London, na watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Walimwambukiza mnyama mdogo, jamaa wa kicheche, ambaye huugua mafua kama sisi. Baadaye mnyama mmoja akampiga mtafiti chafya usoni, na siku mbili baadaye mtafiti huyo akawa mgonjwa. Ushahidi bora kuliko huo ungetoka wapi?

Kirusi chenyewe cha 1918 kilipatikana katika mapafu ya watu waliozikwa kwenye ardhi ya barafu huko Brevig Mission, Alaska. Mwanasayansi Johan Hultin alifukua makaburi 1951 akashindwa, akarudi 1997 akafaulu. Mwaka 2005 ramani nzima ya vinasaba vyake ilikamilika.

Zile herufi H na N unazosikia redioni ni protini mbili zilizo juu ya kirusi. H hukishikiza kwenye seli yako, N hukisaidia kutoka na kwenda kwa seli nyingine. Cha 1918 kilikuwa H1N1, cha 1957 H2N2, cha 1968 H3N2, cha 2009 H1N1 ya sura mpya. Vinasaba vyake vimegawanyika vipande 8, na virusi viwili vikikutana ndani ya nguruwe mmoja au bata mmoja huweza kubadilishana vipande. Hapo ndipo hutoka kirusi ambacho hakuna kinga ya mwanadamu inayokijua.

Influenza ya 2009 ilithibitishwa Tanzania mwezi Julai mwaka huohuo, kwa mwanafunzi aliyekuja kutoka Uingereza. Kwa ndege, safari ya saa kumi hivi. Msafara wa Bagamoyo sasa unachekesha.

Je, wajua kwamba mafua yako yanaweza kumuua sokwe? Hapa ningependa tukae, kwa sababu Kigoma ina ushahidi kuliko karibu mahali popote duniani. Gombe iko kaskazini tu mwa mji, safari ya boti kutoka Kibirizi. Mahale iko kusini. Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe Julai 1960, na Toshisada Nishida wa Japani akaanza Mahale mwaka 1965. Miaka yote hiyo kila sokwe ana jina, na akifa inaandikwa.

Mwaka 1966 polio iliyokuwa miongoni mwa watu iliwafikia sokwe wa Gombe. Baadhi walipooza mikono, wengine miguu, wengine wakafa. Goodall na wenzake wakapata chanjo ya matone, wakaificha ndani ya ndizi, wakawagawia. Mwaka 1968 ukaja ugonjwa wa kifua, na miongoni mwa waliopotea alikuwa David Greybeard, sokwe wa kwanza kumzoea Goodall, yuleyule aliyeionyesha dunia kwamba sokwe hutumia kijiti kuvulia mchwa. Mwaka 1987 kifua kikarudi Gombe na kuua tena.

Mahale nako, mwaka 2006, sokwe walikohoa, wakatokwa kamasi, na kadhaa wakafa au wakatoweka. Watafiti walipopima walikuta metapneumovirusi ya jamii ileile inayowapa binadamu mafua. Uganda, katika msitu wa Kibale, sokwe watano wa kundi la Kanyawara walikufa mwaka 2013 kwa rinovirusi C. Rinovirusi ndiyo mafua yale ya kawaida kabisa, yale ambayo wewe unakunywa chai ya tangawizi na kwenda kazini.

Sokwe ni ndugu wa karibu mno kwetu, kwa hiyo vinavyotuingia sisi vinamwingia na yeye. Lakini hakukua shuleni akipigiwa chafya na watoto arobaini, kwa hiyo kinga yetu hana. Tena jike huzaa mara moja kila miaka minne au mitano. Kikohozi cha mwezi mmoja kinaweza kufuta watoto wa miaka mingi.

Ndiyo sababu ya masharti yanayowaudhi wageni waliolipa fedha nyingi: umbali wa mita 10, barakoa mdomoni, saa moja tu na sokwe, watoto wadogo hawaruhusiwi, na mwenye mafua haingii. Watafiti wanaotoka safari hukaa kwanza siku kadhaa kambini kabla ya kuingia msituni. Mahale walivaa barakoa miaka mingi kabla ya UVIKO-19 kutufundisha sisi wengine namna ya kuzivaa, nasi tukazivalia kidevuni.

Je, wajua kwamba karantini, silaha ya kale ya bandari, ni butu mbele ya influenza? Mtu huanza kuambukiza karibu siku moja kabla hajahisi lolote. Askari wa gatini anamtazama abiria mzima, anampitisha, kumbe ameupitisha ugonjwa. Kipindupindu kina ukaidi wa namna nyingine: Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni Kagunga, waliugua watu 3,000 na zaidi, na Liemba ileile ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mamia kwa mamia. Kipindupindu huzuiwa kwa maji safi na vyoo. Mafua hayajali maji yako ni safi kiasi gani ikiwa mmelala kumi katika hema moja.

Chanjo ya influenza ipo tangu miaka ya 1940, na hadi leo nyingi hutengenezwa ndani ya mayai ya kuku. Kwa kuwa kirusi hubadilika, Shirika la Afya Duniani hutangaza mchanganyiko mpya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Sisi wa karibu na ikweta tunabaki katikati, maana kwetu influenza huonekana karibu mwaka mzima. Chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania. Iliyomo tangu 2013 ni chanjo ya nimokokasi, mmoja wa bakteria wale wanaokuja kumaliza kazi baada ya mafua. Mpeleke mtoto kliniki akachomwe.

Na aina moja ya influenza B, inayoitwa Yamagata, haijaonekana popote duniani tangu Machi 2020. Watu walipokaa mbalimbali na kuacha kusafiri, ilikosa vifua vipya, mnyororo ukakatika.

Amoksilini haiui kirusi cha mafua. Ukiinunua duka la dawa siku ya kwanza ya kamasi umewapa mazoezi bakteria tu. Lakini homa kali iliyoanza ghafla, pumzi za haraka, kifua kinachobonyea kwa mtoto, au homa iliyoshuka kisha ikarudi na makohozi: hayo ni ya hospitali, leo leo, usingoje kesho.

Kama una safari ya Gombe wiki hii na pua inatiririka, ahirisha. Baki Kigoma mjini, agiza migebuka ya kuchoma, pumzika. Tiketi ya boti hukatwa tena, lakini sokwe akifa hakuna wa kumrudisha.